Arthur Conan Doyle: Daktari Katika Mji wa Theluji

Bila shaka umewahi kusikia jina la Sherlock Holmes. Kama hujamsoma vitabuni, basi umemwona katika filamu, au umesikia mtu akimtania mwenzake anayependa kuchunguza mambo ya watu. Na kama humjui kabisa, hapana neno, kwani nduguye wa Unguja unamjua. Namsema Bwana Msa, yule wa kiko mdomoni, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-1958. Wajuzi wa fasihi hutwambia kwamba kile kiko na ile akili vilitoka kwa Sherlock Holmes.

Leo lakini sitasimulia habari za wezi na wapelelezi. Nataka kusimulia habari za mtu aliyemwumba Holmes, Arthur Conan Doyle, na hasa ile miaka michache aliyokaa kwa muda katika mji wa Davos, juu milimani huko Uswisi. Davos ni ule mji unaotajwa redioni mwezi wa Januari, marais na matajiri wa dunia wanapokwenda kujadili uchumi. Mikutano hiyo ilianza 1971. Zamani za Doyle wakubwa hawakwenda huko kujadili uchumi. Walikwenda kwa sababu walikuwa wanakohoa.

Doyle alizaliwa tarehe 22 Mei 1859 mjini Edinburgh, Uskoti. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji hodari, ila chupa ilimshinda nguvu. Polepole pombe ikamla kazi, ikamla akili, akaishia kuwekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili hadi mwisho wa maisha yake. Mama yake, Mary, ndiye aliyeishika nyumba isianguke, na ndiye pia aliyekuwa fundi wa kusimulia hadithi jioni. Hapo ndipo mtoto alipoonja utamu wa hadithi. Akasomeshwa na mapadri katika shule ya bweni ya Stonyhurst, Uingereza, kisha akapelekwa mwaka mmoja kwenye shule ya mapadri hao hao huko Feldkirch, Austria, karibu na mpaka wa Uswisi. Alikuwa na miaka kumi na sita, rika langu. Kwa hiyo milima yenye theluji aliiona mapema, ingawa hakujua kwamba ingekuja kumwita tena.

Alirudi Edinburgh akasomea udaktari. Mmoja wa walimu wake, Dakta Joseph Bell, alikuwa na kipaji cha ajabu. Mgonjwa akiingia tu, kabla hajafungua kinywa, Bell alikwisha jua kazi yake, alikotoka na pengine hata ugonjwa wake, kwa kuangalia viatu, mikono na mwendo. Wanafunzi walishangaa ukashangaa na wewe. Mbegu ya Sherlock Holmes ilipandwa hapo. Kabla hajamaliza masomo, mwaka 1880, alijiajiri kama daktari katika meli ya Hope iliyokwenda kuwinda nyangumi na sili katika bahari ya barafu kaskazini. Alitumbukia majini mara nyingi mno, hata mabaharia wakampa jina la ndege fulani mpiga mbizi. Mwaka uliofuata akapanda meli nyingine hadi Afrika Magharibi, na huko homa ikataka kumtoa roho. Nataja safari hizi ili ujue ni mtu wa namna gani: jitu lililopita futi sita, lenye mwili wa mwanamasumbwi, lisiloweza kukaa kitako.

Mwaka 1882 alifungua chumba cha matibabu huko Southsea, pwani ya kusini ya Uingereza. Wagonjwa walikuwa wa kuhesabika. Akawa anaandika hadithi huku akisubiri mlango ugongwe. Mgonjwa mmoja kijana, Jack Hawkins, alikuwa na ugonjwa wa utando wa ubongo, na Doyle akamchukua akae nyumbani kwake ili amtunze usiku na mchana. Masikini, yule kijana alifariki humo humo. Dada ya marehemu aliitwa Louisa, msichana mpole asiye na makuu. Mwaka huo huo, 1885, daktari na Louisa wakaoana. Sijui wewe unaonaje, lakini mimi naona ni ajabu ndoa kuanzia kitandani pa mgonjwa na kuja kuishia kitandani pa mgonjwa. Tutafika huko.

Hadithi ya kwanza ya Holmes aliiandika 1886 na ikachapishwa 1887. Aliiuza yote kabisa, haki zote, kwa pauni 25! Baadaye, kuanzia 1891, gazeti la Strand la London lilipoanza kuchapa hadithi fupi za Holmes, watu walipanga foleni kama tunavyopanga ya githeri. Doyle akaacha udaktari akawa mwandishi mtupu.

Sasa sikiliza kitu hiki kwa makini. Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch aligundua kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Mwaka 1890 Koch huyo huyo akatangaza kwamba amepata na dawa yake. Dunia nzima ikapagawa. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa maelfu. Doyle naye akadandia treni, akafika Berlin mwezi wa Novemba, akajaribu kuingia kwenye mhadhara akazuiwa mlangoni. Hakukata tamaa. Aliazima maandishi ya daktari mmoja Mmarekani aliyekuwa ameingia, akazunguka hospitalini akawaona wagonjwa kwa macho yake, kisha akaandika magazetini kwamba jamani, tusishangilie mapema, dawa hii bado haijathibitishwa. Alisema kweli. Ile dawa haikuponya. Kwa hiyo mtu huyu alikijua kifua kikuu kuliko madaktari wengi wa mitaani.

Na bado, kilipoingia nyumbani kwake mwenyewe hakukiona.

Mwaka 1893 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi wa Agosti alikwenda Uswisi na mkewe, akatembelea maporomoko ya Reichenbach karibu na Meiringen. Alipoyatazama yale maji yanavyoanguka kwa kishindo, aliona amepata kaburi la kumzikia Sherlock Holmes, kwani alikuwa amemchoka. Alitaka kuandika vitabu vizito vya historia, na Holmes alimla wakati wote. Mwezi wa Oktoba baba yake akafa hospitalini. Na karibu siku hizo hizo Louisa akaanza kulalamika maumivu ya ubavu na kikohozi. Doyle hakudhani ni jambo kubwa. Akamwita daktari jirani, na jirani akaja na habari iliyomkata maini: kifua kikuu, tena kile kinachokwenda mbio. Walimpa miezi michache tu ya kuishi. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alikuwa na miaka minne, na wa pili, Kingsley, hajatimiza hata mwaka.

Kwenye chama chetu cha Kiswahili tulibishana sana juu ya jambo hili. Wengine walisema ni aibu, mtu aliyemtunga mpelelezi anayeona vumbi kwenye soli ya kiatu ashindwe kuona mkewe anakonda. Mimi sikubaliani nao. Shangazi yangu alipopatwa na kifua kikuu tuliishi naye nyumba moja, tukala naye sahani moja, na kwa wiki nyingi sote tulisema ni baridi ya Julai. Mtu wa karibu huwezi kumtazama kama mgonjwa aliyeingia mlangoni. Unamwona jinsi alivyokuwa jana.

Tofauti ni kwamba shangazi alipewa vidonge. Alimeza miezi sita, akapona, na sasa yuko bukheri wa afya na bado ananifokea. Mwaka 1893 vidonge havikuwapo. Dawa ya kwanza yenye nguvu ya kuua kijidudu hicho, streptomaisini, iligunduliwa 1943. Wakati wa Louisa tiba ilikuwa hewa, chakula, kupumzika na kumwomba Mungu. Hewa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya Davos.

Hebu niueleze mji wenyewe. Davos uko katika bonde refu, kiasi cha mita 1,560 juu ya usawa wa bahari. Najua wanaosoma jiografia watacheka, maana Nairobi iko juu zaidi ya hapo! Lakini Davos iko mbali sana kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa baridi theluji hulala miezi na miezi, huku anga ni buluu na jua linawaka. Zamani ilikuwa kijiji cha wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1853 alifika daktari kijana wa Kijerumani aliyeitwa Alexander Spengler. Alikuwa mkimbizi, amekimbia kwao baada ya mapinduzi ya Baden kushindwa mwaka 1849. Spengler akagundua kwamba wenyeji wa bonde lile hawaugui kifua kikuu kama watu wa mabondeni chini. Mwaka 1865 wagonjwa wawili wa kwanza wakaja kukaa huko kipindi cha baridi, na walipopata nafuu habari zikaenea kama moto wa nyikani. Reli ikafikishwa mjini 1890. Hoteli zikachipuka kama uyoga. Robert Louis Stevenson, yule wa Kisiwa chenye Hazina, alikaa huko vipindi viwili vya baridi kati ya 1880 na 1882 kwa sababu ya mapafu yake.

Wagonjwa walilazwa kwenye roshani, nje, katika baridi ya kugandisha mate, wamefungwa blanketi hadi kidevuni, jua likiwapiga usoni. Walilala hivyo saa kwa saa. Lakini usidhani mji wenyewe ulikuwa wa huzuni tupu. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote nilipousoma. Kila mgonjwa alikuja na mtu wa kumsindikiza, mume, kaka au dada, na watu hawa walikuwa wazima, wenye nguvu zao, na hawana la kufanya. Basi kulikuwa na kuteleza kwa viatu vya chuma juu ya barafu, mashindano ya visleji mlimani, ngoma, tamasha na karamu hotelini. Muziki ukilia ukumbini, ghorofani mtu anatema damu. Ndivyo mji ulivyokuwa.

Doyle na Louisa walifika mwishoni mwa 1893, na Lottie, dada yake Doyle, alikuja kusaidia. Walikaa katika hoteli. Na mwezi wa Desemba, wakati wao wako huko juu, gazeti la Strand likatoka na ile hadithi ya Holmes kutumbukia Reichenbach. Lo! Uingereza nzima ikawaka. Maelfu ya wasomaji walikatisha kununua gazeti. Barua za matusi zikamiminika, watu wanamlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. We fikiria tu. Wakati huo mwandishi mwenyewe yuko kwenye chumba cha hoteli anasikiliza kikohozi cha mtu wa kweli, anahesabu siku. Sijaona mahali popote alipowajibu wasomaji wale kwa hasira. Mimi ningewajibu.

Asubuhi alikuwa akiandika. Alishughulika na riwaya ya daktari kijana asiye na wagonjwa, ambayo kwa kweli ni maisha yake mwenyewe, na akaanza hadithi za Brigadia Gerard, askari wa Napoleon mwenye majisifu. Hadithi za Gerard zinachekesha, na nilipojua zilianzia wapi nikazidi kustaajabu. Louisa naye, kinyume cha walivyosema madaktari, hakufa. Miezi ile michache ikapita, akawa bado yupo. Joto la mwili likashuka, chakula kikapanda, akaanza kutoka nje kidogo.

Ndipo lile jitu lisiloweza kukaa kitako likaanza kutafuta la kufanya. Kwanza alijaribu kutengeneza uwanja wa gofu. Akachomeka vibendera vyekundu kwenye mashimo. Ng'ombe wa Davos wakaja wakavila. Akachomeka vingine, wakavila tena! Mpelelezi hodari alishindwa na ng'ombe.

Halafu akakumbuka amesoma habari za Wanorwe wanaosafiri juu ya theluji kwa mbao za miguuni, yaani skii. Akaagiza zake kutoka Norwe. Zilikuwa mbao mbili nyembamba, kila moja urefu wa kama mita mbili na nusu na upana wa sentimita kumi, zimepindwa mbele kama ncha ya kiatu cha sultani, na katikati kuna kamba ya kufungia mguu. Hapo Davos palikuwa na ndugu wawili, Tobias na Johannes Branger, Tobias akiwa fundi wa matandiko ya farasi, ambao walikuwa wamekwisha anza kujifunza. Walikuwa wakifanya mazoezi usiku giza likiingia, maana mchana watu wa mji waliwacheka. Hebu fikiria, mchezo ambao leo unaiingizia Uswisi mapesa yasiyohesabika ulianza kwa watu kujificha gizani wasichekwe. Wale wenzangu waliotucheka tulipoanzisha magongo hapa shuleni wasome aya hii mara mbili.

Doyle aliwaendea ndugu hao wamfundishe. Kwa majuma mengi alianguka mbele ya hadhara. Baadaye aliandika kwamba skii ni kitu kinachokaa kimya na kuonekana kipole, kumbe kina akili zake. Ukizigeuza huku, zinageuka kule. Unataka kusimama kwa heshima mbele ya mama fulani, unajikuta miguu iko juu kichwa kiko thelujini. Lakini alishikilia. Wakapanda mlima Jacobshorn ulioko juu ya mji, na waliporudi mji ukawainamishia bendera kwa heshima.

Tarehe 23 Machi 1894 wakafanya kubwa zaidi. Upande wa pili wa milima kuna kijiji kiitwacho Arosa. Kwa barabara ilikuwa lazima uzunguke mbali sana. Ndugu wa Branger walikuwa wamevuka juu kwa skii mwaka uliotangulia, wa kwanza kufanya hivyo, na sasa wakamchukua Mwingereza wao. Waliondoka kabla ya mapambazuko, mwezi ukiwa ungali angani, wakaanza kukwea kuelekea mwanya wa Maienfelder Furka, mita kama 2,440 juu ya usawa wa bahari. Timboroa yetu ni juu kuliko hapo, lakini Timboroa haina mteremko wa theluji unaoweza kukatika na kukufunika. Palikuwa na mahali ambapo mteremko ulikuwa mkali kiasi cha kwamba mbao hazikuweza kushika, na chini yao ni genge. Mmoja wa ndugu alikuwa akitembea upande wa chini wa Doyle ili akiteleza amdake. Heshima hiyo Doyle aliikumbuka mpaka alipoiandika.

Upande wa kushuka kulikuwa na raha isiyo kifani, kuteleza kama ndege bila kupiga hatua. Mpaka wakafika kwenye ukingo ulioinama karibu wima. Ndugu wa Branger wakafunga mbao zao pamoja kama sleji wakaketi juu yake. Doyle akafanya vivyo hivyo, ila kabla hajakaa vizuri mbao zake zikampiga chenga, zikaenda zao peke yake mlimani! Akabaki amekaa kwenye theluji. Ikabidi ashuke kwa suruali. Fundi wake wa nguo alikuwa amemhakikishia kwamba kitambaa kile cha sufi nzito hakichakai kamwe. Mlima ulimsuta fundi yule. Doyle alikiri kwamba siku hiyo iliyobaki alijisikia vizuri tu alipokuwa ameegemea ukuta.

Walifika Arosa saa tano na nusu asubuhi, mapema kuliko watu walivyotarajia. Katika kitabu cha wageni hotelini Tobias alimwandikia Doyle jina na kazi. Mahali pa kazi hakuandika mwandishi wala daktari. Aliandika kwa Kijerumani cha makosa kwamba ni mwanamichezo. Inasemekana Doyle alifurahia cheo hicho kuliko sifa zote za magazeti.

Mwezi wa Desemba 1894 akachapa habari za safari hiyo katika Strand, lile lile gazeti alilolivunja moyo kwa kumwua Holmes. Humo akatabiri kwamba siku itakuja Waingereza kwa mamia watakwenda Uswisi kila mwaka kwa ajili ya skii. Alikosea kidogo tu, hawakuwa mamia. Watu wengine husema Doyle ndiye aliyeleta skii Uswisi, lakini hilo si kweli, na ndugu wa Branger tumewaona hapa. Yeye aliuvumisha mchezo kwa kalamu. Wapo watakaoniuliza, sisi Wakenya skii inatuhusu nini? Nitawajibu kwa jina moja: Philip Boit, aliyetuwakilisha katika Olimpiki za baridi huko Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe alimsubiri mwishoni amkumbatie.

Turudi kwa Louisa, maana huyu ndiye aliyewapeleka wote huko, na vitabu humpitia haraka haraka. Mume anapanda milima, ameandikwa magazetini. Yeye amelala kwenye roshani. Mwezi wa Septemba 1894 Doyle akaenda Marekani kutoa mihadhara, asirudi hadi Desemba. Wasichana wa chama chetu walimlaani kwa safari hiyo, na mmoja alisema wazi kwamba mume wa kweli angeketi kando ya kitanda. Sikuwa na jibu zuri. Najua tu kwamba pale nyumbani, shangazi alipougua, baba alishinda nje akikata kuni ambazo hatukuzihitaji. Kuna watu ambao mikono yao ikitulia, mioyo yao inapasuka. Hata hivyo miezi mitatu Marekani si kuni. Hapo nawaunga mkono wasichana.

Baadaye, baridi ya 1895-1896, walikwenda Misri kutafuta hewa kavu. Kabla ya hapo mwandishi mwenzake, Grant Allen, ambaye naye aliugua kifua, alimwambia kwamba hewa ya Hindhead, kusini mwa Uingereza, ilikuwa imemfaa. Doyle akanunua kiwanja huko akajenga nyumba, akaiita Undershaw. Wakahamia 1897. Hapo ndipo ninapoona akili ya Holmes ikifanya kazi kwa upendo: ngazi za nyumba alizijenga ziwe fupi fupi na za polepole ili Louisa apande bila kuishiwa pumzi, na madirisha makubwa yaelekee bonde na jua.

Sitaficha jambo lingine. Mwaka huo huo wa 1897 Doyle alikutana na Jean Leckie, akampenda. Alikataa kumwacha Louisa na alikataa kumvunjia ndoa, na wote wanaoeleza maisha yake husema alikaa miaka ile kwa mateso na kwa uaminifu wa namna yake. Je, Louisa alijua? Darasani kila mtu ana jibu lake. Mimi nasema mwanamke aliyelala kimya miaka mingi anatazama watu wakiingia na kutoka alikuwa mpelelezi mkubwa kuliko wote.

Yaliyofuata nitayataja kwa kifupi. Alitumika katika hospitali ya vita huko Bloemfontein mwaka 1900, akapewa cheo cha Sir 1902, akamfufua Holmes 1903 kwa sababu pesa zilikuwa nzuri. Mwaka 1909 aliandika kitabu kikali kuwatetea Waafrika wa Kongo dhidi ya ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold, na kwa hilo namheshimu kuliko kwa Holmes. Uzeeni aliamini habari za kuzungumza na mizimu, akazihubiri hata hapa Kenya alipopita katika safari yake ya 1928-1929. Aliaga dunia tarehe 7 Julai 1930.

Davos nayo iligeuka. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana katikati ya karne ya ishirini, zile hospitali za milimani zilikosa wagonjwa, nyingi zikageuzwa hoteli. Roshani zikabaki. Leo wanaolala pale kwenye jua ni watu waliochoka kuteleza.

Louisa alifariki tarehe 4 Julai 1906, akiwa na miaka 49. Waliompa miezi michache walikosea kwa karibu miaka kumi na mitatu. Aliwaona watoto wake wakikua, Mary akawa msichana mkubwa na Kingsley akamkaribia umri wa kidato cha pili. Amezikwa Grayshott, karibu na nyumba ile. Undershaw ilipitia mikono mingi, ikawa hoteli miaka mingi, ikaachwa ikaanza kuoza, kisha mwaka 2016 ikafunguliwa upya kama shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Zile ngazi fupi fupi zilizojengwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, sasa wanafunzi ndio wanaozipanda.